Namna ya kupaka rangi mguu wa mashine ya boti (na alumini nyingine) ikakaa, kwa sisi tunaoishi na chumvi

Mashine inaingia bandani, mguu (ile sehemu ya chini yenye propela, inayoingia majini) umepakwa rangi nyeusi inang'aa utadhani imetoka dukani jana, napitisha ukucha tu pembeni ya lile bapa la juu ya propela, rangi inanyanyuka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake unga mweupe, ukiufuta unakutana na vishimo. Mwenye mashine ananiambia fundi, rangi ile ilikuwa feki. Namuuliza ilipakwaje, anasema walipiga msasa wakapaka, jioni ikarudi baharini. Basi.

Wakuu, kwa muda wote niliofanya kazi hii hapa Pangani rangi feki nimekutana nayo mara chache mno. Ninachokutana nacho kila siku ni chumvi iliyofungiwa ndani ya rangi, grisi iliyofungiwa ndani ya rangi, na vumbi la chuma lililozikwa kwenye alumini. Alumini hailiwi kutokea juu, inaliwa kutokea chini ya rangi, na unaponunua rangi ya bei ghali ukaipaka juu ya uchafu ule ule umenunua mfuniko wa bei ghali tu. Kwahiyo nitaandika sana kuhusu kazi ya kabla ya kufungua kopo, mnivumilie, kupaka kwenyewe ni sehemu ndogo.

Kwanza tuelewane kwanini alumini ni mbishi. Chuma kikipata kutu unaona wekundu unajua. Alumini yenyewe ina ngozi, ukiikwangua mpaka ikang'aa, hewa ikiigusa tu papo hapo inajifunika tena na utando mwembamba, nanomita chache, huuoni kwa macho, na huo utando ndo mlinzi wake, ndo maana sufuria ya bibi imekaa jikoni miaka na miaka haijaoza. Sasa utando huo unatulia kwenye pH (kipimo cha uchachu, namba ndogo ni asidi) ya kama 4 hadi 8.5 hivi. Maji ya bahari yako kwenye 8 na kidogo, yaani kwa hesabu hiyo peke yake alumini ingekuwa salama kabisa, lakini chumvi ina kloridi, na kloridi inatafuta mahali palipo dhaifu kwenye utando, inatoboa hapo hapo, alafu ndani ya kile kitundu maji yanageuka asidi na kitundu kinajichimba chenyewe kwenda chini. Ndo vile vishimo. Juu unaona tundu la kichwa cha sindano, chini pango.

Na kuna upande wa pili ambao watu wetu wa pwani wanapaswa kuujua vizuri, maana sisi tuna mazoea ya chokaa. Jahazi la mbao linapakwa shahamu na chokaa chini, sifa (mafuta ya papa) juu, na mbao inashukuru. Usithubutu kufanya hivyo kwenye boti ya alumini. Chokaa mbichi iko pH 12 huko, inayeyusha ule utando wote. Kostiki ndo usiseme, inaitafuna alumini mpaka inatoa mapovu ya gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto. Saruji mbichi nayo vivyo hivyo, na jiki usitumie kusafishia. Nimeona watu wanatoa rangi ya zamani kwa maji ya kostiki kwa sababu kwenye chuma inafanya kazi vizuri. Kwenye alumini hapana.

Kingine, alumini si moja. Bati za boti kawaida ni zile za namba 5052, 5083, 5086, zimechanganywa na magnesiamu, zinavumilia bahari vizuri. Fremu za madirisha nyingi ni 6063, magnesiamu na silikoni, nazo si mbaya. Zenye shaba ndani kama 2024, na zenye zinki nyingi kama 7075, hizo ni ngumu sana, ni za ndege, lakini bahari inazila upesi. Hii habari ya shaba ni ya zamani, Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906 ndo aligundua kwamba alumini yenye shaba kidogo na magnesiamu ukiichoma ukaipoza ghafla alafu ukaiacha siku kadhaa inakuwa ngumu yenyewe, ikaitwa Duralumin, ndege zikajengwa, na hapo hapo tabu ya kuliwa na chumvi ikaanza. Watu wa ndege wakaishia kuivisha ngozi ya alumini safi pande zote mbili za bati, kama sandwichi. Mguu wa mashine ya boti wenyewe ni wa kumimina, alumini na silikoni, wanaotengeneza wanapunguza shaba makusudi. Kwahiyo alumini yako yenyewe si mbaya. Kazi yako ni kuifunika vizuri.

Sasa tuanze kazi.

Siku ya kwanza ni ya kuosha tu. Sijasema msasa, nimesema kuosha. Ukipiga msasa kabla ya kuosha unaisukuma chumvi na grisi ndani ya mikwaruzo na hapo hutoi tena. Toa propela, toa zile anodi (vile vipande vinavyofungwa ili viliwe badala ya mguu), ziba tundu za kuingiza maji kwa kitambaa ili uchafu usiingie kwenye pampu. Osha kwa maji baridi ya kisima au ya bomba (onja kwanza, visima vyetu vya karibu na ufuo vingine vina chumvi chumvi, hayo hayafai, bora ukinge ya mvua) pamoja na sabuni ya vyombo ya maji. Sugua na kumbi la nazi au brashi ya plastiki. Usitumie waya wa chuma, wala ile sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, nitaeleza mbele. Suuza mpaka uchoke.

Palipo na unga mweupe paka siki nyeupe ya kawaida, iache kama dakika 10 mpaka 15, sugua, suuza sana. Siki inalegeza ule unga na kuingia kwenye vishimo mahali brashi haifiki. Kama kuna rangi ya zamani inabanduka ibandue yote inayotaka kubanduka, tumia kipande cha mbao ngumu au plastiki ngumu, usihurumie. Rangi iliyonyanyuka hairudi, ukipaka juu yake unapaka juu ya hewa. Ile iliyoshika kweli kweli, unaikwangua kwa nguvu na haitoki, unaweza kuiacha na kuisawazisha pembeni kwa msasa.

Ukimaliza acha ikauke mpaka kesho.

Siku ya pili kabla ya msasa toa grisi. Hapa kuna kosa kubwa la mtaani, watu wanapangusa kwa petroli. Petroli inaacha mafuta yake mwenyewe, umetoa grisi umeweka petroli. Tumia tina ya epoksi (ile rangi ya makopo mawili yanayochanganywa) au asetoni, na tumia vitambaa viwili, mkono mmoja kitambaa kilicholowa, mwingine kikavu, unapangusa na chenye tina na kabla haijakauka unafuta na kikavu. Ukiacha tina ikauke yenyewe, grisi imeyeyuka, imetandaa, imebaki pale pale, tena sasa imesambaa vizuri zaidi. Badilisha vitambaa mara kwa mara, vikichafuka tupa. Fulana za zamani za pamba zilizofuliwa bila kemikali ya kulainisha ndo nzuri.

Ndo unakuja msasa. Namba 120 mpaka 180 inatosha kwa praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya epoksi, mikwaruzo iwe ya kuonekana ukiweka kwenye mwanga wa pembeni, alumini laini inayong'aa kama kioo haishikiki na kitu. Tumia msasa wa alumini oksaidi au silikoni kabaidi, hizi za kawaida za madukani zinazouzwa za chuma na mbao nyingi ni hizo hizo, ila uwe mpya. Msasa uliokwisha kupiga chuma cha pua au bodi ya gari usiulete hapa, na brashi ya waya ya chuma pia hapana, kama lazima brashi basi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Sababu ni hii: punje ndogo za chuma zinajichomeka kwenye alumini kwa sababu alumini ni laini, unapaka rangi juu, unyevu ukipenya kila punje inakuwa betri ndogo na alumini inayoizunguka ndo inayoliwa. Nimewahi kuona boti imepigwa grainda iliyotumika kwenye geti la chuma siku hiyo hiyo, baada ya miezi mitatu ubavu wote ulikuwa na vidoti vya kahawia na kila kidoti kina uvimbe. Rangi yote ikatolewa. Ikaniuma sana kwa sababu mwenye boti alikuwa amekopa hela ya rangi.

Kama una bahati ya kupata mtu wa kupiga mchanga, aulize anatumia mchanga gani, iwe ganeti (punje za jiwe gumu) au kitu kisicho na vumbi la chuma, na presha iwe ndogo, bati jembamba linajikunja.

Vishimo virefu vichimbue mpaka uone alumini safi inayong'aa chini, usiache hata tone la unga mweupe, kama msasa haufiki tumia kile kidrili kidogo chenye kichwa cha jiwe. Alafu osha tena kwa maji safi, ndiyo tena, kwa sababu chumvi iliyokuwa imejificha kwenye vishimo sasa imefunguka. Kausha, pangusa na tina tena kwa vitambaa viwili.

Jaribio: nyunyizia maji safi. Yakitandaa kama shuka na kubaki hivyo kama nusu dakika, safi. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la mgomba, kuna mafuta bado, rudi kwenye tina. Jaribio hili halina gharama na ndo linalonipa usingizi, na naomba mtu yeyote anayesoma hapa asiliruke, hata akiruka mengine.

Kuanzia sasa unakimbizana na saa. Ule utando unakua tena, chumvi ya hewani inatua, hasa kusi likivuma. Alumini iliyopigwa msasa na kukauka ipate koti la kwanza ndani ya saa nne hivi, ukiiacha ilale mpaka kesho piga msasa upya kidogo na upanguse upya.

Praima. Kuna njia mbili na msizichanganye. Njia ya kwanza ni ile praima ya asidi, nyembamba kama maji, ina asidi ya fosfori ndani, inauma chuma na kuacha kitu cha kushikika. Inapakwa nyembamba sana, mikroni 8 hadi 12 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), yaani unatakiwa uone alumini kwa mbali chini yake. Mtu akiipaka nene kwa kudhani anaongeza ulinzi, ndani haikauki, inakuwa tabaka laini na kila kitu juu yake kinabanduka. Njia ya pili ni praima ya epoksi ya makopo mawili moja kwa moja juu ya alumini iliyopigwa msasa. Tatizo ni kwamba epoksi nyingi hazipendi kupakwa juu ya praima ya asidi, ile asidi inagombana na hadena (lile kopo la pili la kugandisha). Labda kopo lenyewe liseme inaruhusiwa. Mimi kwa mguu wa mashine, kitu kinachokaa majini, nachagua epoksi moja kwa moja, naacha praima ya asidi kwa vitu vya nchi kavu kama rimu na kava za mashine.

Na kama una kopo la zamani la praima ya manjano ya ndege au ya jeshi, au unakwangua rangi ya zamani ukakuta chini ni manjano ya kijani kijani, hiyo yawezekana ni zinki kromati. Inalinda vizuri sana, hilo ni kweli, ndo maana ilitumika miaka mingi, lakini kromiamu yake ni ile inayoleta kansa, na Ulaya wameibana vikali. Usiipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa yenye kichujio cha kweli, kusanya uchafu wake usiutupe mtoni. Usafi wa mapafu yako ni muhimu kuliko mashine ya mtu.

Kuchanganya epoksi: fuata kopo, kama limeandika 4 kwa 1 ni 4 kwa 1 kwa ujazo, tumia kikombe chenye mistari au kata chupa mbili za maji zilizo sawa uweke alama. Watu wanaongeza hadena ili ikauke haraka. Haikauki haraka, inabaki na hadena ya ziada isiyokuwa na kazi, inakuwa laini na inanyonya maji. Koroga dakika tatu nzima ukikwangua chini na pembeni. Na joto la kwetu likipanda kwa digrii 10, muda wa rangi kuwa hai kwenye kikombe unapungua karibu nusu, kwahiyo changanya kidogo kidogo, weka kopo kivulini, usichanganye lita nzima saa saba mchana.

Saa ya kupaka ni ya kuheshimu. Asubuhi mapema kuna umande hata kama huuoni, na alumini inapoa usiku kuliko hewa, kwahiyo inatoka jasho. Kanuni ni kwamba joto la chuma liwe juu ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa inaanza kutoa umande) kwa digrii 3 au zaidi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kama huna kipimo, fanya hivi: lowesha kidogo sehemu ya chuma kwa kitambaa chenye maji safi, ikikauka yenyewe ndani ya dakika 10 au 15 unaweza kupaka, isipokauka kaa unywe kahawa usubiri. Mimi napaka kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane, tisa mwisho. Sipaki jioni kabisa, kwa sababu epoksi ambayo haijashika ikikutana na unyevu wa usiku inatoa utelezi juu kama mafuta, na koti la pili likipakwa juu ya utelezi huo litabanduka kutoka kwenye koti la kwanza. Ukiamka ukakuta unateleza usitumie tina kwanza, osha kwa maji ya sabuni na kumbi, utelezi huo unatoka kwa maji, alafu msasa mwepesi ndo uendelee.

Makoti mawili ya epoksi, kila moja kama mikroni 50. Nywele ya mtu ni kama 70, upate picha. Kabla ya kila koti zima, paka kwa brashi ndogo kwanza kwenye pembe, kingo, mabega ya bolti, pale ambapo rangi inakimbia yenyewe. Rangi mbichi inavutwa kutoka kwenye makali, inabaki nyembamba pale pale panapogongwa zaidi. Kama makali ni ya kukata mkono, yazungushe kwa msasa yawe mviringo. Vishimo ulivyochimbua jaza baada ya koti la kwanza kwa fila ya epoksi, si ile fila ya magari ya kawaida, ile inanyonya maji kama mkate.

Kila kopo limeandikwa muda wa koti kufuata koti. Ukiwahi, tina ya chini haijatoka. Ukichelewa sana epoksi imeshakuwa ngumu kama kioo na koti jipya halina pa kushika, piga msasa namba 240 ndo upake.

Juu ya epoksi lazima kuwe na rangi ya kuvumilia jua, kwa sababu epoksi ikipigwa na jua inageuka unga unga, ukishika mkono unakuwa mweupe. Poliurethani ya makopo mawili ndo nzuri, makoti mawili. Lakini hadena yake ina isosayanati, ukiivuta kila siku inakupa pumu ambayo haiondoki, kwahiyo bandani kwangu hatuipulizi kwa bunduki ya rangi, tunapaka kwa brashi nzuri na rola ya sponji, mahali palipo wazi, glavu mkononi. Inatoka nzuri tu. Anayepuliza lazima awe na hewa yake ya bomba, ile barakoa ya karatasi haizuii kitu.

Ile rangi ya kuzuia viganda vya baharini kuganda chini, soma kopo kwa makini. Nyingi zina shaba, na ile yenye oksidi nyekundu ya shaba isiguse alumini hata kidogo. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi ni betri, na alumini ndo inayolipa. Tafuta iliyoandikwa inafaa kwa alumini, na hata hiyo ipakwe juu ya epoksi kamili isiyo na tundu.

Sasa bolti, maana hapa ndo kazi nzuri nyingi zinaharibika. Bolti za stenlesi zinaingia kwenye alumini, na stenlesi ndo inayotulia, alumini inaliwa kuzunguka bolti mpaka inakwama, siku ya kuifungua inakatika. Kabla ya kurudisha, paka grisi ya baharini nzito au ile pasta ya kutenganisha kwenye meno yote na chini ya kichwa, weka washa ya nailoni kama nafasi inaruhusu. Usitumie grisi ya rangi ya shaba, najua mafundi wa magari wanaipenda, ina shaba ya kweli ndani. Na kitu ambacho wengi hawakitegemei: kama una propela ya stenlesi, kubwa, tupu, na mguu wa alumini uliopakwa vizuri wenye mkwaruzo mmoja tu, nguvu yote ya ile betri inaelekea kwenye huo mkwaruzo mmoja, inachimba haraka kuliko kama usingepaka kabisa. Kwahiyo mikwaruzo inatakiwa izibwe mapema, na anodi ziwepo.

Anodi haipakwi rangi. Narudia kwa sababu nakutana nayo kila mara, mtu amepaka mguu wote mpaka anodi ikapendeza, anodi iliyopakwa ni kipande cha chuma kisicho na kazi, na sehemu inapokaa pia isiwe na rangi, lazima chuma kiguse chuma. Anodi kuliwa ndo kazi yake, ikifika nusu badilisha. Bahari tupu, zinki au alumini zote zinafaa. Mto unapokutana na bahari kama hapa kwetu, alumini ni bora. Ndugu zetu wa Mwanza na Kigoma mnaofanya kazi ziwani, maji baridi, zinki inajifunga ganda inalala, nyie mnahitaji magnesiamu, ila hiyo ya magnesiamu usije nayo baharini, inaisha haraka mno na inaweza hata kuinyanyua rangi.

Madirisha na milango ya alumini kwa walio karibu na ufuo, kwa ufupi. Kuna ya kuvishwa poda, inapulizwa kwa umeme na kuokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200, unene kama mikroni 60 mpaka 80, na kuna anodaizi, ambapo ule utando wa asili unakuzwa kwa umeme ndani ya asidi ya salfa. Anodaizi ilianza Uingereza mwaka 1923 kwa kutumia asidi ya kromiki, Bengough na Stuart, wakilinda vipande vya Duralumin vya ndege za kutua majini, yaani tangu mwanzo adui alikuwa maji ya chumvi. Kwa pwani ulizia mikroni 20 au 25, na lazima iwe imezibwa kwenye maji ya moto karibu ya kuchemka, isipozibwa ule utando una vitundu kama sega la nyuki. Fundi akikata fremu, ncha iliyokatwa haina ulinzi wowote, mwambie aipake kabla ya kuunganisha. Saruji ikirukia fremu ifute hapo hapo ikiwa mbichi, ikikauka imeshaacha alama ambayo haitoki. Na uoshe kwa maji baridi na sabuni laini kila baada ya miezi michache, hasa sehemu ambazo mvua haifiki, kwa sababu chumvi inakaa kule kwenye kivuli.

Tahadhari moja ya magnesiamu. Kava za baadhi ya pikipiki na mashine za zamani si alumini, ni magnesiamu, nyepesi zaidi, uzito wake ni gramu 1.74 kwa sentimita moja ya ujazo wakati alumini ni 2.7. Kwangua sehemu ndogo, dondoshea siki: magnesiamu inachemka mapovu pale pale, alumini inatulia. Kama ni magnesiamu usipige grainda kavu, vumbi lake linashika moto, na moto wake ukiumwagia maji unalipuka zaidi, weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Kulinda magnesiamu nyumbani ni shida kubwa, mimi nawaambia watu kweli, kama kava ipo ya alumini inayoingia pale nunua hiyo.

Turudi kwenye mguu wetu. Usiurudishe majini kesho yake. Ukiugusa mkavu si maana yake umeiva, epoksi na poliurethani zinahitaji siku 7 hivi kwa joto letu. Siku ya saba fanya jaribio mahali pasipoonekana: chora kwa wembe mistari sita hivi karibu karibu, alafu sita kuikatiza, itoke miraba midogo, bandika seloteipu ngumu, ivute kwa nguvu. Miraba ikibaki yote umefaulu. Ikitoka angalia chini ya kilichotoka, ukiona alumini tupu kosa lako lilikuwa kwenye kuosha au msasa, ukiona praima kosa lilikuwa kati ya makoti, muda au ule utelezi. Paka pale ulipokata.

Baada ya hapo kila ukitoka baharini mwagia mguu maji baridi, washa mashine kwenye pipa la maji baridi dakika chache. Na weka kando kikopo kidogo cha kila rangi uliyotumia, makopo mawili mawili bila kuchanganya, ukigonga mwamba Jumatatu, Jumanne uoshe, ukaushe, msasa, tina, epoksi kwa kibrashi, hata kama ni mkwaruzo wa urefu wa kucha.